Vazi la stimpanki kwa mitumba ya Mtwara: nguo ni bora, shaba itafutwe kwingine

Mtu anayetaka kujitengenezea vazi la stimpanki hapa Mtwara hana haja ya kuagiza chochote kutoka nje, ilimradi afahamu kwamba vibanda vya mitumba vilivyo karibu na soko kuu vitampa nguo nzuri sana kwa bei anayoimudu, lakini shaba na chuma itambidi avitafute kwa mafundi saa na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimezipitia sehemu hizo zote nikikusanya vazi la dereva wa treni, mhusika katika mchezo wa kuigiza wa vijana wa mtaani kwetu, na tathmini hii inahusu kile ambacho kila sehemu inauza na namna inavyomhudumia mteja mwenye hitaji lisilo la kawaida.

Stimpanki ni mtindo wa sanaa na mavazi unaoiwazia dunia ambamo mashine za mvuke za karne ya 19 hazikuachia nafasi umeme na plastiki. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1987, na leo mji wa Oamaru nchini New Zealand unajulikana kwa wapenzi wa mtindo huu. Kwetu sisi wa kusini mhusika huyo hakutoka mbali, kwa kuwa reli ya kwenda Nachingwea, iliyozaliwa na mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mjini bado tunayo kata inayoitwa Reli.

Kwa upande wa nguo, vibanda vya mitumba vinastahili sifa kubwa. Makoti mazito ya sufu, vizibao vya suti, mashati meupe yenye kola ngumu na mikanda mipana ya ngozi huwa vinauzwa kwa bei ya chini kwa sababu joto letu haliruhusu mtu wa kawaida kuvivaa. Kizibao cha sufu ya kahawia nilikipata kwa shilingi 4,000, nacho kilikuwa na vifungo vyake vyote. Mama aliyeniuzia aliniruhusu kugeuza kila nguo ndani nje na kukagua mishono pasipo kuonyesha kuchoka, na alipoelewa ninachokitafuta akaniwekea pembeni vipande vingine belo jipya lilipofunguliwa. Huduma ya namna hiyo ni adimu, nami naithamini kuliko punguzo la bei.

Ushauri wangu kwa mnunuzi ni kwamba achague kitambaa kabla ya mtindo, kwa maana mtindo hubadilishwa na fundi cherehani, ilhali kitambaa kibaya hakina dawa. Achomoe uzi mmoja kwenye pindo na kuuchoma: uzi wa pamba hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, lakini uzi wa poliesta huyeyuka na kuganda kama kishanga kigumu. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa shati jeupe la pamba likilowekwa katika maji ya chai nzito yaliyochemshwa hupata rangi ya ukongwe, hali poliesta hubaki nyeupe vilevile. Koti la sufu nalo litolewe bitana yote, kwani kuigiza nalo likiwa zima katika unyevunyevu wa Mtwara ni kumtesa mvaaji. Fundi cherehani niliyempelekea kazi hiyo alilipunguza koti kiunoni kwa ustadi, ingawa alitumia uzi wa kung'aa mahali pa kuonekana, na ilinibidi niombe mishono hiyo irudiwe.

Sasa nije kwenye madini, ambayo ndiyo roho ya vazi lenyewe. Vibandani utakutana na mapambo ya rangi ya dhahabu yaliyopakwa juu ya chuma hafifu, na kwa hewa yetu ya chumvi yataanza kutu mapema. Nenda na sumaku ndogo mfukoni: shaba halisi haivutwi, chuma kilichopakwa huvutwa. Kwa mafundi saa nilipata kilichonifurahisha zaidi katika kazi hii yote, nazo ni gia, springi na sahani za saa zilizokufa, vitu ambavyo viliwahi kufanya kazi na ambavyo meno yake bado yanashikana. Mzee mmoja aliyeniuzia kopo la vipande hivyo alinipangia gia tatu mezani ili nione ipi huzungusha ipi, na mpangilio huohuo ndio nilioushonea kwenye bega la koti. Gia iliyobandikwa peke yake, isiyogusana na kitu, haimwambii mtazamaji lolote kuhusu mashine, na ninaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo mavazi mengi ya aina hii yanapoharibikia. Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayetengeneza miwani ya sanaa kutokana na vitu vilivyotupwa, ameonyesha jinsi kipande chakavu kinavyopata heshima kikiwekwa mahali panapokifaa.

Tahadhari moja haiwezi kuachwa. Saa za kale ambazo namba zake zilitengenezwa ziwake gizani huenda zilipakwa rangi yenye radiamu, yaani madini yanayotoa mionzi, na unga wake ni hatari ukivutwa puani. Sahani za namna hiyo zisikwanguliwe wala kufunguliwa. Vipande vingine vya shaba husafishwa vizuri kwa ndimu na chumvi, kisha vioshwe na kukaushwa kabisa, vinginevyo huota ukungu wa kijani. Vifungwe kwanza kwenye kipande cha ngozi, na ngozi ndiyo ishonwe kwenye koti, ili uzito usikivute kitambaa. Yapo mazungumzo mitaani ya kuitia ngozi weusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Nayakataa, kwa kuwa mafuta hayo huunguza mwili na kutoa malengelenge.

Kwenye vyuma chakavu kuna mirija, vipimo vya presha vilivyovunjika na koroboi za zamani, lakini vitu huuzwa kwa kilo na muuzaji hapendi mteja anayechambua kimoja kimoja, hivyo sehemu hii naipa alama ndogo. Miwani ya kuchomelea niliinunua duka la vifaa vya ujenzi. Vioo vyake ni vyeusi mno kwa jukwaani, na vilibadilishwa na plastiki angavu iliyokatwa kwenye chupa.

Kofia ngumu ya kikoloni, ambayo hupendwa na wafuasi wa mtindo huu kwingineko, niliikataa. Mikindani ina Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na sioni sababu ya kumvika kijana wetu kichwa cha bwana mkubwa wa wakati ule. Dereva wetu amevaa kapelo ya ngozi, na vifungo vya koti lake ni vya mpingo, vilivyochongwa na fundi wa Kimakonde kwa vipimo nilivyompelekea. Mpingo ndio mti unaotengenezewa klarineti, na weusi wake ukikaa karibu na shaba huonekana kana kwamba viliumbwa pamoja. Vifungo hivyo viligharimu zaidi ya koti lenyewe, na ndivyo vitu vya kwanza ambavyo ningevilipia tena.