Chumvi na sukari majini: ayoni au molekuli nzima?

Weka kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji, na cha sukari kwenye nyingine, kisha koroga. Punde tu huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ndani yake yametokea mambo mawili tofauti kabisa.

Chumvi ni sodiamu na klorini. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na ile moja ya nje huiachia klorini. Sodiamu inabaki na chaji chanya, klorini inapata chaji hasi (atomu zenye chaji hivi huitwa ayoni), nazo hushikana kwa mvutano huo. Wanafunzi huuliza kama kifungo hiki ni imara. Jibu langu: imara wapi? Chumvi kavu haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi, lakini majini ayoni zake huachana mara moja, kila moja ikizingirwa na molekuli za maji. Ndiyo sababu maji ya chumvi hupitisha umeme, na ayoni hizohizo za sodiamu zikiingia kwenye seli ya neva huamsha ujumbe.

Sukari ya mezani haiachii elektroni. Atomu zake 45 (kaboni 12, hidrojeni 22, oksijeni 11) huzitumia kwa pamoja, hivyo molekuli huelea ikiwa nzima. Kuigawa kuwa glukosi na fruktosi ni kazi ya kimeng'enya cha utumbo mdogo.

Na hapo utumboni chumvi na sukari hukutana: protini moja huingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, maji yakifuata. Hiyo ndiyo nguvu ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na glukosi unaokorogwa majini ili kurudisha maji mwilini) kwa mtoto anayeharisha.