Stendi ya kunyanyulia pikipiki: kagua mikono yake kabla hujatoa hela

Jumamosi ile nilikuwa nataka tu kusafisha cheni na kuipaka oili, kazi ya dakika ishirini. Pikipiki yangu, Yamaha MT-07, haina stendi ya kati kama Boxer au TVS za bodaboda, ina ile ndogo ya pembeni tu, kwa hiyo ukitaka tairi la nyuma lizunguke lazima uwe na stendi ya kunyanyulia, na mi nilikuwa ndo nimetoka kununua yangu Kariakoo, nyekundu, inang'aa, laki moja na ishirini. Nikaisogeza nyuma ya pikipiki, nikaingiza ndoano zake kwenye spuli, vile vidude viwili vilivyofungwa pande mbili karibu na tairi la nyuma, nikakanyaga, pikipiki ikapanda vizuri kabisa. Nikaenda kuchukua kopo la mafuta ya taa na brashi. Mwanangu wa miaka minne alikuwa amekaa kizingitini anakula embe, hatua tatu hivi kutoka pale. Nikasikia "krrr", sauti ndogo ya chuma kinasugua chuma, kugeuka naona pikipiki inalalia kulia taratibu, yaani taratibu mpaka nikapata muda wa kuwaza niikamate, afu ikaenda yote.

Levo ya bleki ya mbele ilikatika, futiresti ya kulia ikapinda, ekzosi ikachubuka. Mtoto hakuguswa. Nilimbeba nikakaa naye ndani kama nusu saa kabla sijarudi kuangalia chochote.

Niliporudi nikaikuta stendi nzima, haijavunjika popote, haijapinda. Ila mkono wa kulia, ule wenye ndoano, ulikuwa unaangalia chini badala ya kuangalia juu. Nikausogelea karibu. Pale bolti inapobana kulikuwa na mkwaruzo kwenye rangi, mstari mwembamba wa chuma cheupe umezunguka bomba kama robo ya duara. Bolti haikulegea, nilijaribu kwa spana ikawa ngumu vilevile nilivyoikaza. Ni bomba ndo lilizunguka chini ya bolti.

Hiki kitu hakuna anayekuambia. Watu wote wanauliza inabeba kilo ngapi, tairi zake za plastiki au za mpira, inakunjika au haikunjiki, rangi gani. Boksi la yangu limeandikwa kilo 250. MT-07 yenye bleki za ABS ikiwa na mafuta ina kilo kama 182, na stendi ya nyuma inabeba karibu nusu yake tu, sasa nusu ya 182 na 250 wapi na wapi, si ilitakiwa ibebe bila hata kuhema? Ile namba ya boksi haina maana yoyote kama mkono unaweza kuzunguka.

Nieleze vizuri maana hapa ndo penyewe. Hizi stendi zinatengenezwa zitoshee pikipiki nyingi, kwa hiyo mikono miwili ya kushikia inaingia ndani ya bomba kubwa, unaivuta au unaisukuma mpaka upana ufanane na pikipiki yako, afu unabana na bolti. Sasa kama mkono ni bomba la duara limeingia kwenye bomba la duara, kinachozuia usizunguke ni ncha ya hiyo bolti peke yake. Uzito ukikaa sawa pande zote haizunguki. Ila sakafu ya kwetu ni pevingi, na pevingi hata iwe mpya ina sehemu imezama kidogo, tairi moja la stendi likikaa chini kuliko lenzake uzito wote unahamia upande mmoja, na ncha ya bolti haiwezi kushika bomba la duara lililopakwa rangi inayoteleza. Mkono ukiwa wa skwea paipu, yaani bomba la pembe nne, ndani ya skwea paipu hauna pa kuzungukia, hata bolti ikilegea kabisa ndoano itaendelea kuangalia juu. Ndo maana mi saivi nikiingia dukani siangalii kitu kingine kabla ya hapo.

Namna ya kupima ukiwa dukani, nenda na kalamu ya marka na spana namba 13 na 14. Kaza bolti mwenyewe, usikubali wakukazie. Chora mstari mmoja unaopita kwenye mkono na kwenye bomba lililoubeba, uvuke ile maungio. Afu shika ndoano kwa mikono miwili uikamue kama unakamua shuka, weka nguvu yako yote. Mstari ukikatika, yaani nusu moja ikahama na nyingine ikabaki, rudisha. Ukiona muuzaji anakuzuia kuchora, rudisha vilevile.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninayoipenda.

Namba moja kwangu ni Abba Superbike Stand, inatengenezwa Uingereza, na sifichi kwamba naipendelea. Hii haishiki swingamu, ule mkono wa chuma unaobeba tairi la nyuma, kule nyuma kabisa kama nyingine, inashika pale swingamu inapofungwa kwenye fremu, katikati ya pikipiki, kwa vishikizo maalumu vya modeli yako. Kwa hiyo hakuna huo upuuzi wa ndoano kuzunguka. Kizuri zaidi kwa mtu kama mimi ninayefanya peke yangu, unaifunga pikipiki ikiwa bado imelala kwenye stendi yake ndogo, afu ndo unainyanyua, hakuna ile dakika ya kushika pikipiki wima kwa mkono mmoja huku unatafuta spuli kwa mkono mwingine. Na kuna mkono wa ziada unauzwa pembeni unakuwezesha kunyanyua mbele kwa stendi hiyohiyo. Inafaa hata kwa zile zenye swingamu ya upande mmoja kama Honda VFR800 au Ducati nyingi, ambazo kwa stendi za kawaida ungehitaji ile yenye pini inayoingia kwenye tundu la ekseli. Ubaya wake ni huo wa vishikizo, ukiuza pikipiki ukachukua ya aina nyingine unaweza kulazimika kuagiza vingine. Na ni chuma, ina uzito, na mizigo kutoka Uingereza inapimwa kwa kilo. Yangu ilikaa kwenye kontena la mzigo wa binamu yangu karibu miezi mitatu. Nilivyoipandisha mara ya kwanza nilikaa naitazama tu, nikaisukuma kulia, nikaisukuma kushoto, haikutikisika.

Namba mbili ni stendi ya spuli, chapa yoyote, ilimradi mikono ni skwea. Stendi za spuli Bike-Lift ya Italia wanatengeneza, Grandpitstop ya India wanatengeneza, na za India ni rahisi zaidi kuagiza maana mizigo ya Mumbai inakuja mara kwa mara. Ila usinunue kwa jina, kagua mikono. Na hapa lazima niseme kuhusu spuli zenyewe, vile vidude vinavyofanana na roli ndogo ya uzi wa cherehani vinavyofungwa pande mbili za swingamu. Bolti zake hazifanani. Yamaha ni M6, yaani bolti ya unene wa milimita 6. Suzuki kwa kawaida M8, KTM M10, Kawasaki inategemea modeli, kuna za 8 na kuna za 10. Mi niliuziwa M8 nikaambiwa "zinaingia zote hizo dada", nilipofika kwa fundi akataka kupanua tundu kwa drili. Nikamzuia. Ukishaharibu nyuzi za swingamu umejitafutia kazi nyingine kubwa kabisa, kwa hiyo toa bolti iliyopo kama ipo, nenda nayo dukani, usiende na maneno.

Namba tatu itawashangaza, ni ya fundi wa kuchomelea mtaani kwako. Ukimpa vipimo sahihi akakutengenezea stendi ya upana wa pikipiki yako tu, bila mikono ya kuvuta, umeshaondoa tatizo lote lililonifanya niandike hapa. Mwambie skwea paipu ya inchi moja na nusu, na usikubali geji 16 au 18, hizo ni za mageti, mwambie paipu yenye unene wa mm 2 na kuendelea. Simama pale aone unaangalia, achomelee kuzunguka maungio yote, isiwe vidoti viwili halafu anapaka rangi. Nimeona moja iliyotengenezwa Tandika inafanya kazi mwaka wa tatu sasa.

Za mipira ya L, zile zinazobeba swingamu kwa chini bila spuli, zinafaa tu kama pikipiki yako haina matundu ya spuli. Zinateleza swingamu ikiwa na grisi, na swingamu yenye cheni chafu ina grisi siku zote. Za bei ya chini za duara nimeshazisema.

Ya mbele sasa. Usinunue ya mbele kama huna ya nyuma. Mbele hainyanyuliwi kamwe kabla nyuma haijapanda na kutulia, na wakati wa kushusha ni kinyume, mbele kwanza, nyuma mwisho. Kuna ya kushika chini ya shokapu, hiyo inatosha kama unataka kutoa tairi tu. Lakini ukitaka kubadilisha sili za shokapu haikusaidii, maana shokapu zenyewe ndo inazobeba, unahitaji ile yenye pini inayoingia kwenye tundu la shingo ya usukani kwa chini. Hizo zinakuja na pini za saizi kadhaa, pima tundu lako kwa vernia, pini isicheze humo ndani hata kidogo. Mi ningenunua ya pini, ukinunua ya shokapu utainunua tena ya pini baadaye.

Na namna ya kupandisha, maana stendi nzuri nayo inaangushwa. Weka plaiwudi chini kama ni pevingi au mchanga, kipande kimoja kipana kinachobeba tairi zote mbili za stendi. Funga levo ya bleki ya mbele na usukani kwa mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, uvute mpaka bleki ishike, hiyo inazuia pikipiki isitembee mbele wakati unakanyaga. Stendi ndogo iache imefunguliwa. Simamisha pikipiki wima, mtu wa pili awe upande wa kulia maana huko hakuna stendi ndogo ya kuidaka, angalia ndoano zote mbili kwa macho na sio kwa kuhisi, ndo ukanyage polepole. Na cheni unaizungusha kwa mkono, injini imezimwa. Nimeona mafundi wanaweka gia ya kwanza cheni ijizungushe yenyewe wakishika kitambaa, kitambaa kikivutwa na sproketi kinaenda na vidole.

Sasa wauzaji. Nilirudi dukani na stendi na picha za pikipiki imelala. Kijana akaangalia picha, akaniuliza, "Shemeji alikaza bolti vizuri?" Nikamwambia hakuna shemeji, pikipiki yangu, nimekaza mimi. Akaniambia basi ndo maana, ungemwachia shemeji. Nikamwonyesha mkwaruzo ulivyozunguka na bolti bado imebana, akaita mwenye duka, mwenye duka akanyoosha kidole kwenye kikaratasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti nilikuwa sina maana siku ya kununua walinipa bei mbili, ya risiti na ya bila risiti, tofauti elfu ishirini, nikachukua ya bila risiti. Hilo sitarudia, elfu ishirini hiyo ndo iliyonikosesha pa kusimamia. Wiki iliyofuata nilipita tena pale nikaikuta nyingine kama ile, nyekundu vilevile, imepanda mpaka laki moja na arobaini, na dada mmoja ameshika helmeti anaitazama. Nilimvuta pembeni nikamwambia yote, akaondoka.

Ile yangu sikuitupa. Nimeipeleka kwa fundi akachomelea mikono isitoke wala kuzunguka tena, elfu kumi na tano, na imekaa vizuri, dada yangu anaitumia kwa Yamaha yake. Kama unayo ya duara tayari fanya hivyo hivyo. Ila mwambie fundi apime kwenye pikipiki, aweke alama kwa chaki, afu achukue stendi akachomelee mbali, pikipiki isiwe imeguswa na chochote cha mashine yake, sababu umeme wa weldingi ukipita kwenye fremu unaweza kuua kompyuta ya injini, na bei ya hiyo kompyuta usiulize.