Kupandikizwa ufizi: jino limepona, kaakaa ndilo lililonitesa

Jino langu la chonge la juu lilikuwa limeachwa wazi. Ufizi umepanda, mzizi wa njano uko nje, na maji ya friji yakiugusa ganzi inanipanda mpaka kwenye jicho. Dawa za meno za kuzuia ganzi zilipunguza makali tu.

Bingwa wa fizi hakukimbilia kisu, na hapo nampa alama zote. Alinisafisha ugaga kwanza, akanibadilishia mswaki mgumu kwa laini, akaangalia eksirei. Mfupa wa katikati ya meno ulikuwa mzima. Akasema hicho ndicho kinachoamua: mfupa huo ukishaliwa, mzizi haufunikwi wote hata ukapasuliwe na nani.

Upasuaji ni sindano ya ganzi, wewe uko macho. Anachukua kipande cha nyama kwenye kaakaa, usawa wa magego madogo, anakipenyeza chini ya ufizi, kisha anauvuta ufizi ufunike mzizi na kushona kwa uzi mwembamba kama unywele. Nilisikia kuvutwavutwa, maumivu hapana.

Ganzi ilipoisha ndipo nikajua kazi ipo wapi. Kwenye jino palikuwa pamevimba tu. Kaakaa liliwaka kama nimeungua na chai. Ulimi nao hautulii, kila saa uko pale kupapasa. Chakula kikawa uji wa vuguvugu, mtindi na ndizi za kuponda. Mswaki hauruhusiwi kugusa pale mpaka daktari aseme, kwa hiyo unasukutua na klorheksidini, dawa inayoharibu ladha ya kila kitu na kuacha madoa ya kahawia. Madoa walinisugua baadaye yakatoka.

Kliniki ilinikwaza kwa jambo moja: hakuna aliyeniambia kwamba kuna kibao cha plastiki cha kufunika kidonda cha kaakaa. Nilikiona kwa mgonjwa mwenzangu siku ya kutoa nyuzi. Bima nayo ilikataa kulipa, eti ni urembo. Urembo gani wa kushindwa kunywa maji?

Miezi imepita. Mzizi umefunikwa karibu wote, umebaki mstari mwembamba, na ufizi mpya umenenepa kidogo kuliko wa jirani. Maji ya baridi nakunywa. Mzizi wa chonge ya upande wa pili nao umeanza kuchungulia. Nikirudi, kile kibao nitakidai kabla sijakalia kiti.