Mtwara–Mwanza kwa ndege: kikokotoo kilisema saa mbili kasoro

Shemeji yangu wa Mwanza aliniuliza naondoka saa ngapi, nikamwambia saa nne asubuhi. Kumbe akaingia kwenye kikokotoo cha umbali mtandaoni, akaandika Mtwara na Mwanza, akaletewa kilomita 1,185 hivi, saa mbili kasoro angani. Nilipowasha simu pale Dar nikakuta kapiga mara tatu. Alikuwa njiani kuja uwanja wa Mwanza kunipokea!

Kikokotoo hakijadanganya. Kinapiga mstari ulionyooka tu, na mimi tiketi yangu ilipitia Dar. Cha ajabu, kupitia Dar hakuongezi umbali wa kutisha: Mtwara–Dar angani ni kama kilomita 400, Dar–Mwanza kama 850. Zimezidi sitini na kitu. Siku yangu imeliwa na viti vya kusubiria.

Nimetoka Shangani, mtaani kwangu Mtwara, saa mbili na bajaji. Kwenye mizani ya uwanjani, mzigo kilo 27, ruhusa 23. Mama mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, vaa koti, korosho weka mifukoni." Nikafungua kiroba mbele za watu, nikajaza mifuko yote minne. Nimekaa kwenye kiti nimevimba kama nimevaa boya.

Ndege ilikuwa pangaboi, ile ya propela, ina kelele, lakini saa moja na dakika chache tuko Dar. Ukipata dirisha la kushoto, usilale: delta ya Rufiji inaonekana yote, mikoko na vijito vimejipinda kama nyoka.

Dar ndipo palipotuchosha. Ndege ya saa saba u nusu ikasogezwa, ikasogezwa tena, tukaruka saa kumi. Hakuna aliyetuambia sababu. Chai na chapati mbili nimelipa hela ya kilo nzima ya korosho ghafi. Kutoka hapo saa moja na nusu tukaliona ziwa. Kwa shemeji nimeingia saa moja kasorobo jioni, karibu saa kumi na moja tangu nifunge mlango wangu.

Hata hivyo basi silirudii kwa safari hii. Mtwara–Dar ni kilomita 560 hivi za lami, unatoka alfajiri unafika jioni, unalala, halafu unaianza Dar–Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100. Siku mbili, ukijaliwa. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kule Somanga, nilikuwa ndani ya basi. Sitaki kukumbuka.

Ndege naipa nyota tatu na nusu. Ile nusu ni ya delta. Ukinunua tiketi ya kuunganisha, tazama saa ya kutua ya mwisho na uwape hiyo wenyeji wako, tena uwaongezee saa mbili. Na koti liwe na mifuko mikubwa.