TAHADHARI: Muuza dawa ya magugu anayepita na chupa za maji, msimfungulie geti

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikiona aibu kulisema. Leo nalisema kwa sababu jana kuna mwenzetu kapewa namba yake na nikaona anashukuru. Dada yangu, usishukuru. Usimpigie kabisa.

Wanaonijua wanaijua ile kona yangu. Nyuma ya tangi, pale ukuta unapokutana na chemba, mtu unapita kwa ubavu. Fyekeo halizunguki, jembe halina pa kunyanyukia, na sikutaka kumtuma mtu aingize mkono asikoona. Ndago zilikuwa zimefika magotini na juu yake mtambaazi umepanda hadi kwenye bomba. Nilikuwa nimechoka, na yule mtu aliuona uchovu wangu kabla hajaiona kona yenyewe.

Alikuja asubuhi. Ovaroli safi, buti za mpira, barakoa shingoni, pampu mgongoni. Ukimwona unasema huyu anaijua kazi yake. Akaniamkia vizuri, akaniita mama, wala hakutaja bei. Akaomba kwanza aone. Akajipenyeza mpaka kule nyuma, akachuchumaa, akang'oa ndago moja taratibu, akanionyesha ule uzi wake wa chini wenye viazi vidogo vidogo vyeusi. Akasema, "Mama, adui yako si jani, ni hivi. Ukifyeka unavipa nguvu tu. Dawa yangu inashuka mpaka huku."

Niambieni, hapo ningemkataaje? Alichosema kuhusu ndago ni kweli tupu. Vile viazi vimeungana ardhini kama shanga. Ukikata jani la juu, kilichokuwa kimelala kinaamka na kuchipua. Nimepigana nazo miaka, najua. Mtu akianza kwa kukwambia kweli unayoijua mwenyewe, na uongo unaofuata unaupokea.

Halafu likaja lile jaribio, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Akatoa chupa ya maji ya kunywa, karatasi imebanduliwa, ndani kuna kitu cha bluu iliyokolea. Akapima kwa kizibo, vizibo viwili kwenye pampu, akatikisa, akapulizia kipande kidogo tu, kama upana wa mkeka. "Usinilipe sasa. Nitapita jioni. Kama hujaona kitu, tuachane kwa amani." Siku hiyo jua lilikuwa kali. Saa kumi nikaenda kuangalia, nikakuta majani yamelegea yote, kama yamemwagiwa maji ya moto. Nikafurahi. Nikamwita jirani yangu aje aone, na yeye akaomba namba! Alipopita jioni nilishaamua. Kesho yake akapulizia kona nzima, nikamlipa taslimu, bila risiti, nikanunua na chupa mbili za akiba alizosema zitanitosha mwaka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka. Wizi wa pesa nimeuzoea duniani. Zile dua ndizo zinazoniuma.

Wiki ya tatu ndago zikarudi. Zilichomoza katikati ya majani makavu, ncha kali za kijani, nyingi kuliko mwanzo. Nikampigia. Akaniambia bila wasiwasi kwamba ni kawaida, viazi vinakata roho, inatakiwa dozi ya kumalizia, ila nitume pesa kwanza maana dawa imeadimika. Nikatuma. Ndiyo, nilituma tena. Hakuja. Simu ikaita siku mbili bila kupokelewa, siku ya tatu haikupatikana.

Nikabeba chupa moja mpaka kwa bwana shamba. Hakutaka hata niifungue. Alisema bila maabara hawezi kuapa ni nini, lakini akaniuliza majani yalilegea baada ya muda gani. Nikamwambia kwa majivuno, jioni ileile. Akatikisa kichwa. Kumbe dawa inayoshuka mpaka mzizini, kama glaifoseti, haionyeshi kitu siku hiyo. Jani linainywa, inasafiri polepole, unaanza kuona umanjano baada ya siku kadhaa, na kufa kwenyewe ni wiki moja hata mbili. Inayounguza kwa masaa inaishia palepale ilipogusa. Kile kile kilichonifanya nimwamini ndicho kilichokuwa ushahidi kwamba ananidanganya. Na ndago, hata ukiwa na dawa ya kweli, lazima urudie. Hakuna kupuliza mara moja zikaisha.

Halafu akaniuliza kama nyumbani kuna watoto. Akanieleza kuhusu parakwati, mojawapo ya hizo za kuunguza. Umoja wa Ulaya hauiruhusu tena tangu 2007. Mtu akiimeza hakuna dawa ya kuiondoa mwilini, na hata funda moja linaweza kuua. Jamani, mimi nilikuwa nimeziweka zile chupa stoo, rafu ya chini, pembeni ya maji ya kunywa. Chupa zilezile, vizibo vilevile! Mwanangu wa mwisho hufungua kila chupa anayoikuta. Nilirudi nyumbani mbio, viatu mkononi.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni biashara tu, na mimi nilikuwa mzembe. Pesa yangu achukue. Lakini mtu anayetia sumu kwenye chupa ya maji, akaiacha ndani ya nyumba yenye watoto huku akiomba dua, huyo anastahili kufungwa, tena muda mrefu. Nimeshatoa taarifa polisi, na picha yake akiwa getini ninayo. Anyang'anywe hiyo pampu, afikishwe mahakamani, na huyo anayempimia hiyo dawa huko dukani afuatwe pia, maana hakuitengeneza mwenyewe. Nikimwona nitapiga kelele mtaa mzima utoke.

Mkiniuliza nilipaswa kuona nini: lebo. Dawa halali ina lebo, jina la kiambato, namba ya usajili, tarehe ya kuisha, ule mstari wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu. Yake haikuwa na hata herufi moja. Nilipomuuliza jina la dawa alisema "ya magugu". Hakuvaa glavu. Namba za simu alinipa mbili. Na kusema ndago mwaka mzima hazioti, hilo nalo. Mengine sikumbuki vizuri, bado nina hasira.

Jirani yangu naye alinunua, bado hajaongea nami vizuri. Ile kona kwa sasa nimeifunika turubai jeusi zito na mawe juu, nitaona.

Mwenye chupa zake ndani, asizimwage chooni wala kwenye mtaro, na asizihamishie kwenye chupa nyingine. Nenda ukazifungie juu, mahali penye kufuli, kisha zipeleke kwa bwana shamba. Nenda sasa hivi.