Fundi kaja asubuhi, jioni kaondoka na kufuli letu

Swichi zenyewe, za mtandao wa kuhifadhia data, nazipa nyota nne. Kampuni iliyotuuzia na kuja kutufungia naipa moja, na hiyo moja si yao, ni ya kijana wa zamu ya usiku ambaye nitamfikia. Jina la kampuni silitaji, maana ofisi yetu hapa Tanga bado ina mkataba nao na mie sitafuti kesi. Walio kwenye kazi hizi watajua tu.

Kasi na idadi ya matundu sisemi, hayo yako kwenye makaratasi ya muuzaji. Nazungumzia kitu kimoja, namna swichi hizi zinavyopeana mipangilio, na jinsi mtu mmoja alivyoigeuza raha hiyo kuwa karaha.

Kwa asiyezijua, hizi si swichi za intaneti ya ofisini. Ni za mtandao wa hifadhi, zinaunganisha seva na makabati ya diski kwa faiba chaneli, yaani njia ya mawasiliano ya kubebea data za diski. Tuna pande mbili, A na B, zisizogusana hata kwa waya mmoja. Karibu kila seva ina mguu A na mguu B, upande mmoja ukiharibika data inapita wa pili. Swichi zilizounganishwa upande mmoja ndizo fabriki, na ndani ya fabriki huduma ya kusambaza ikiwa imewashwa, unachobadilisha kwenye swichi moja wenzake wanakipokea wenyewe.

Hiyo ndiyo iliyonifanya nizipende. Kabla ya hapo niliingia swichi moja moja. Saa ya hii iko mbele, ya ile iko nyuma, tatizo likitokea unasoma kumbukumbu na hujui kipi kilitangulia kipi. Siku nilipoandika seva ya saa kwenye swichi ya kwanza, nikaidhinisha, nikafungua ya pili nikaikuta tayari inayo, nilicheka peke yangu mle chumba cha seva hadi mlinzi akaja kuchungulia kama ni mzima.

Na majina, jamani. Kila mlango wa seva au wa kabati la diski una anwani yake ya biti 64, jozi nane za herufi na tarakimu zenye nukta pacha kati yake. Nani atazikariri? Unaipa anwani jina, hii seva ya mishahara, ile ya nakala rudufu, jina linasambaa fabriki nzima, na ndilo unalolitumia kuandika zoni, yaani ile orodha ya nani anaruhusiwa kumwona nani.

Ila kuna utaratibu wake. Ukianza kubadilisha majina, fabriki inajifunga kwa ajili yako. Unayoandika hayaingii kazini hapo hapo, yanakaa pembeni kwenye nakala ya kusubiri mpaka uidhinishe. Ukiidhinisha, yanaenda kwa swichi zote na kufuli linafunguka. Ukighairi, yanatupwa na kufuli linafunguka vilevile. Katikati ya hapo hakuna mwingine anayeweza kugusa majina, si kwenye swichi hiyo wala kwa jirani yake. Sina ugomvi na hilo. Watu wawili wakiandika majina kwa wakati mmoja kutoka swichi mbili, mwisho wake ni fujo.

Sasa fundi. Alikuja wiki chache baada ya Idi, kwa basi la alfajiri kutoka Dar, amebeba swichi ya tatu ya kuongeza upande A. Tanga tunaambiwa ni ya waja leo waondoka leo, na huyu aliutimiza msemo herufi kwa herufi.

Swichi aliyoileta haikuwa tupu. Ilikuwa imeshafanya kazi mahali, na mipangilio ya huko ilikuwa bado imo. Mtu anayejua kazi yake angeifuta kwanza ndipo achomeke waya wa kuiunganisha na zetu. Yeye alichomeka kwanza. Swichi zikikutana zinalinganisha orodha zao za majina. Pangekuwa na jina moja lenye anwani mbili tofauti, muungano ungekataa na tungejua mapema. Hapakuwa na mgongano, kwa hiyo orodha zikachanganywa. Nafungua orodha yetu, naona seva zisizo zetu. Taasisi nyingine kabisa! Majina mengine yanasema waziwazi ni ya idara ipi na kazi gani. Sitayaandika, nina haya kuliko wao. Lakini hebu fikiri, swichi yetu ikiharibika kesho wakaichukua, majina yetu yatasomwa na nani huko yatakakoenda?

"Usijali dada, nayafuta sasa hivi," akasema, na kweli akaanza kufuta. Mhasibu akaniita chini, printa imekwama karatasi. Niliporudi fundi hayupo, laptopu yake nayo haipo, na bosi ameshasaini hati ya makabidhiano. "Amesema kila kitu tayari, anawahi basi."

Kesho yake nina seva mpya ya kuingiza. Naandika jina, swichi inakataa. Fabriki imefungwa. Nahamia swichi nyingine, jibu lile lile. Nikauliza nani ameshika kufuli, na swichi ikamtaja bila kumficha: jina la mtumiaji ni la fundi, kikao chake cha mabadiliko kimefunguliwa kwenye swichi ya tatu. Hakuidhinisha, hakughairi, aliondoka tu. Ni mpangaji aliyefunga choo cha uani akasafiri na ufunguo, na nyumba nzima inamsubiri yeye.

Na kufuli lenyewe halikuchoka. Nilidhani usiku litajiachia, mtu mwenyewe ameshakata mawasiliano, laptopu yake iko Dar. Wapi! Lilikaa pale pale. Hapa ndipo nilipotaka kuzishusha swichi hadi nyota mbili. Mtengenezaji aliyefikiria kufuli asifikirie mtu atakayelisahau, alikuwa anafikiria mafundi wa nchi gani?

Kulivunja kunawezekana, tena kutoka swichi yoyote, lakini kunataka haki za admini, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Akaunti yangu waliipa ruhusa ya kuandika majina na zoni, ya kuvunja kikao cha mwingine hawakunipa. Paswedi ya admini wanayo wao, eti kwa usalama wetu. Walioniachia majina ya seva za watu wengine ndio wanaonitunzia usalama.

Nikampigia fundi. Simu imezimwa. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Akapokea kaka mmoja, sauti ya mtu aliyekatizwa chakula.

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

Nikamuuliza kuzima ipi.

"Zote."

Nikavuta pumzi. Nikamweleza taratibu kwamba hizi zimebeba diski za seva zote za ofisi, kwamba kuna seva za zamani zenye mguu mmoja tu, ukizima upande A zinapoteza diski zikiwa kazini, na kwamba yale yanayosubiri yakipotea hatutajua fundi alikuwa amefuta nini. Akanisikiliza, au nilidhani ananisikiliza. Kisha akasema:

"Dada, kwani huko Tanga hakuna mtu wa IT nizungumze naye?"

Wallahi niliitoa simu sikioni nikaitazama.

Tanga hii! Tanga iliyoanza kujengewa reli 1893, miaka kumi na zaidi kabla Dar haijaanza kujengewa yake, leo inaulizwa kama ina mtu wa kusoma skrini. Nikamjibu kuwa mtu wa IT ndiye anayezungumza naye, na jina lake limo kwenye mkataba ukurasa wa kwanza. Hakuomba radhi. Alisema tu fundi aliyefanya kazi ndiye anayeijua, nisubiri arudi kazini, na wateja wa mikoani wana siku zao.

Siku zao! Malipo ya mkataba hayana siku za mikoani, yanatakiwa tarehe ile ile na ya wateja wa Dar.

Niseme haki, maana nikikasirika huwa napitiliza. Kufuli halikusimamisha kazi. Linazuia mabadiliko ya majina, halizuii data. Mishahara ilipita, barua pepe zilikwenda, hakuna aliyehisi lolote, na hilo ndilo lililoniponza kwa bosi. "Mbona mfumo unafanya kazi?" Unafanya, bosi, ila seva mpya uliyoinunua imekaa haioni diski hata moja. Akauliza hakuna njia ya mkato. Ipo, unaandika zoni kwa anwani tupu bila jina. Nilikataa. Zoni za namna hiyo ndizo zinazokuja kumtesa mtu baadaye, anakuta safu ya tarakimu na aliyeziandika ameshahama kazi.

Jioni nikapiga tena, kwa ubishi tu. Akapokea kijana wa zamu. "Shikamoo dada, nisomee swichi inasema nini, neno kwa neno." Basi, sentensi hiyo moja ilinitoa nusu ya hasira.

Hakukimbilia kuvunja. Aliniambia niingie swichi ya tatu, kikao kilikofunguliwa, tusome kwanza yanayosubiri kabla ya kuyatupa, kwa sababu kikao kikivunjwa yanapotea yote. Nikamsomea moja moja. Jina la kigeni, la kufutwa. La kigeni tena. Tena. Halafu nikafika kwenye jina la mlango wa kabati letu la diski. Letu! Fundi, kwa haraka ya basi, alikuwa amelipanga nalo lifutwe.

Tukanyamaza wote wawili. Zoni zetu zinataja majina, si anwani. Jina likifutwa, zoni inabaki inamtaja asiyekuwepo, na seva zinazopita A kwenda kwenye mlango ule zinabaki zinahangaika. Zenye miguu miwili zingehamia B. Zile za zamani zenye mguu mmoja, mguu wenyewe uko A.

Kwa hiyo fundi angemaliza kazi yake vizuri, akaidhinisha, akapanda basi, mie ningekuwa na msiba. Kufuli nililolitukana siku nzima ndilo lililozuia ujinga wake usitoke kwenye ile swichi moja. Sasa hasira niielekeze wapi? Nikazirudishia swichi nyota zake nne papo hapo, na sijajuta.

Kijana akavunja kikao kwa haki zake, akafungua kipya, akafuta majina ya kigeni peke yake huku mie nayasoma kwa sauti upande huu, akaidhinisha. Kufuli likaachia. Nikaandika jina la seva yangu, likapokelewa, likatokea swichi zote tatu. Kisha akauliza swali ambalo fundi hakuliuliza: je, mipangilio imehifadhiwa? Haikuwa. Kuidhinisha kunaiweka kazini tu, umeme ukikatika vibaya swichi inaamka na ya zamani. Kuna amri moja ya kuhifadhi fabriki nzima kwa mpigo, akaipiga, akaniaga kwa heshima zake. Kazi yote haikufika muda wa kupika wali.

Ningeishia hapo, mngenisoma nikisifu. Ningewapa hata nyota tatu. Lakini baadaye kidogo ikaja ankara. Huduma ya dharura nje ya saa za kazi, kwa ombi la mteja. Kwa ombi langu! Wamefunga mlango wao wenyewe, wamenijibu ufedhuli, wamenikalisha, kisha wananidai hela ya kufunguliwa. Na nina hakika yule kijana hatapata hata senti ya hiyo pesa.

Kwa hiyo ile nyota moja niliyosema mwanzo ni yake, na wao wabaki bila. Mkitaka kununua swichi hizi nunueni, kwenye kupeana mipangilio sijaona cha kulalamikia zaidi ya hilo kufuli lisilo na muda, na hata hilo sasa nasitasita kulilaumu. Ila fundi asitoke mlangoni kabla hajakuonyesha kwenye skrini kwamba hakuna kufuli lililobaki na kwamba amehifadhi. Swichi aliyoileta aifute mbele yako kabla ya kuchomeka waya. Paswedi ya admini iwekwe kwenye bahasha ndani ya sefu ya ofisi, na wakikataa, msisaini.

Ankara nimeirudisha. Bosi anasema tulipe yaishe. Mie nimesema waniletee kwanza barua ya kuomba radhi, na aje nayo mkononi yule kaka aliyeuliza kama Tanga kuna mtu wa IT. Mabasi yapo toka alfajiri.