TAHADHARI: "Injini haijaguswa", kumbe ndani kuna msumari

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia.

Wiki tatu zilizopita nilinunua pikipiki ya mkononi, cc 150 ya Kihindi, imeshapiga boda miaka kama sita. Milioni 1 na laki 4. Muuzaji ni dalali wa hapa Dar, mwenye maneno matamu, pikipiki zake zinang'aa mpaka tairi zimepakwa dawa. Nilipofika nikaikuta inaunguruma. "Nilikuwa naipasha moto mkuu, usije ukasubiri." Nikamwona mstaarabu! Kadi safi, injini haijawahi kufunguliwa, anasema. Nikaizungusha mtaani, kimya kabisa, ila ukivuta mafuta kuna kamluzi kembamba. Nikamuuliza. Akacheka: "Hiyo ndiyo sauti ya injini yenye nguvu." Nikalipa.

Siku ya nne asubuhi napiga kiki: kra-kra-kra-kra, kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo. Baada ya dakika tano ikapungua. Kesho yake tena, na safari hii kila nikiachia mafuta inalia. Fundi wa kwanza hakusikiliza hata nusu dakika, akasema mkono wa pistoni umekwisha, tufungue injini yote, laki 3 na nusu. Nilishaanza kuhesabu hela.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni. Akaanza juu kwenye vavu, vile vilango vya kuingiza mchanganyiko na kutoa moshi. "Tatizo lingekuwa tapeti, vidude vinavyosukuma vavu, hapa ungesikia tik-tik-tik nyepesi, iliyopangika." Akashuka ubavuni mwa silinda, akaniita. "Haya sikiliza mwenyewe, kijana wangu." Hiyo kra-kra ilikuwa pale pale inapopita cheni ya taimingi.

Kwa msiojua, hiyo si cheni ya tairi la nyuma. Iko ndani ya injini, inazungusha kamshafti inayofungua vavu. Inarefuka kadiri inavyotumika, na kuna kidude kinaitwa tenshena, kina springi na kijino, kinaisukuma isilegee. Ikilegea sana inaruka meno, taimingi (mpangilio wa vavu na pistoni) inapotea, na vavu zinaweza kugongana na pistoni. Hapo ndipo kuna gharama ya kweli.

Kabla ya kufungua, mzee akanionyesha kitu ambacho ningekiona siku ya kwanza kama ningeinama: pembeni ya tenshena, nyuma ya silinda upande wa kabureta, silikoni nyekundu imevimba nje, na vichwa vya boliti vimechubuliwa na spana. Injini haijawahi kufunguliwa, eti.

Akafungua boliti mbili, akaitoa tenshena. Ndani hakuna springi wala kijino. Kuna kipande cha msumari kimekatwa kwa msumeno, kimeshikiliwa na silikoni. Ndio maana ilikuwa kimya: msumari ulikuwa umeikaza cheni kupita kiasi, na ule mluzi ndio kilio chake. Cheni ikakwangua reli ya mpira inayoiongoza, ikapata nafasi, kelele zikarudi. Na injini ikiwa baridi nafasi inazidi, basi dalali anaiwasha kabla hujafika.

Nimebadilisha tenshena, reli na cheni. Pamoja na ufundi, laki 1 na elfu 20.

Sasa ukienda kununua, shika injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho asubuhi, na uiwashe mwenyewe. Angalia oili kwanza pia, maana oili ikipungua kelele nyingi zinafanana. Fundi akitoa tenshena yenye kijino, sukuma ncha yake kwa dole gumba: ikirudi ndani kirahisi imekufa. Ikiwa ni nzima lakini imeshajitokeza karibu yote, cheni ndiyo imerefuka, kubadilisha tenshena peke yake ni kutupa hela. Na ikiwa imetolewa, MTU ASIPIGE KIKI wala kuzungusha injini. Cheni inaweza kuruka meno hapo hapo.

Jambo jingine, niliposubiri pale gereji nilimkuta jamaa amelipishwa mahali "cheni ya taimingi" kwa pikipiki yenye injini ya mtindo wa Honda CG125, ile ya tangu miaka ya 1970 iliyonakiliwa na Wachina wengi. Injini ile inasukuma vavu kwa fito. Haina hiyo cheni. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, jamaa hakucheka.

Dalali nilimpigia, akasema nimeiharibu mwenyewe, sasa hapokei. Jana ameweka nyingine, nyekundu, maneno yale yale: injini haijaguswa. Kama kuna mtu anaenda kuiangalia wikiendi hii anishtue, nitakuja na bisibisi ndefu. Msumari ninao, upo kwenye droo.